Radi Hasemi Hapana

Mlango wa kwanza kupigwa na Radi bila kosa lolote ulikuwa mlango wa kulia wa gari la mwalimu wa udereva. Uliobonyea ulikuwa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mzima, umenyooka, unang'aa kama kipara kilichopakwa mafuta. Radi akaujia na nyundo, akautwanga asubuhi nzima, mpaka ukawa na mabonde kumshinda mwenzake. Kisha akarudi nyuma, akajifuta jasho, akasema, "Mbishi huyu, lakini ameshika adabu."

Mwalimu wa udereva alikuwa mtu mpole. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya watu wanaokaribia kumuua na kuwaambia kwa sauti ya chini waachie klachi taratibu. Alipokuja kuchukua gari lake alizunguka upande wa kushoto, akazunguka wa kulia, akarudi wa kushoto. Upole ukamwishia hapo. Alimzaba Radi kofi lililosikika mpaka ng'ambo ya barabara, na Radi akajibu kwa kichwa. Jino la mwalimu likaruka, likatua ndani ya kopo la pati ya kuzibia mabonde. Fundi rangi, ambaye hakuona, akakoroga, akaipaka ile pati kwenye bampa ya mtu mwingine, akapiga msasa na rangi juu yake. Jino hilo sasa linatembea mjini kuliko mwenyewe.

"Kaka," alisema dada yake mdogo walipokwisha kutenganishwa, "umepiga mlango mzima."

"Nimeona."

"Umeona sasa, au uliona wakati unapiga?"

Radi aliitazama nyundo. Alikuwa hajui.

Jina la Radi alipewa na majirani wa gereji, wala si kwa mapenzi. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na nyundo yake ilianza kabla ya jogoo na kunyamaza baada ya walevi. Dada yake walimwita Koleo, kwa kuwa alichokishika hakikuchomoka. Kuna kondakta mmoja aliyewahi kumshika kiuno bila ruhusa, na mpaka leo sikio lake la kushoto linaning'inia kama pazia lililokatika kamba.

Kazi waliirithi kwa baba yao, pamoja na sheria yake. Kunyoosha bati ni shughuli ya watu wawili. Mmoja anasimama nje na nyundo. Wa pili anajipenyeza nyuma ya bati, ameshika bonge la chuma, analikandamiza pale palipobonyea ili pigo lipate mahali pa kukaa. Wa nje hamwoni wa ndani, na wa ndani haioni nyundo. Wanazungumza kwa kugonga. Wa ndani akishatulia, anagonga bati kwa chuma chake mara mbili, ko-ko, ndipo wa nje ashushe. Bila ko-ko, nyundo inakaa juu, hata mvua inyeshe, hata mwenye gari awe waziri. Baba yao alikufa na vidole vyake vyote kumi, na katika kazi ile hiyo ni sifa kuliko cheti.

Baba huyo pia alijua kufunga geti. Radi hakujua. Neno lake lilikuwa "Lete." Mtu akija na bampa iliyokunjika, lete. Boneti iliyokula ukuta, lete. Gari lililobingirika mpaka dereva akatokea dirisha la nyuma bila kiatu, lete, kesho utalikuta tayari. Hakuwa na njaa wala hakuwa anakimbizwa na mtu. Alikuwa tu anaogopa kwamba akisema hapana mara moja, dunia itageuka upande wa pili imsahau. Na ili asije akalegea, alikuwa na spika kubwa ukutani iliyomhubiria kutwa sauti ya Mhamasishaji.

Mhamasishaji alikuwa bwana mwenye suti ya rangi ya ute wa yai, aliyeishi kwa kuwaambia watu kwenye kumbi kwamba hawafanyi kazi ya kutosha. Watu hao walikuwa wametoroka kazini ili wamsikilize. "Unalala?" alinguruma kwenye spika. "Mwenzako ameshaamka! Gonga mlango mpaka ufunguke!" Radi aligonga. Alikula amesimama. Alilala kwenye viti vya nyuma vya magari ya wateja, akaamka na alama ya mkanda shavuni, amechoka kuliko alivyolala. Na aliamka na hasira. Hasira haikuwa na anwani, kwa hiyo alimpelekea yeyote aliyekuwa karibu. Bomba la maji lilipodondosha matone usoni pake, alilipiga teke mpaka likang'oka, wakashinda wamelowa. Simu ilipomwamsha aliiweka juu ya fuawe, akaiponda, kisha akaanza kuitafuta ili ajue ni saa ngapi. Nyumbani mkewe alianza kumpakulia kwenye sahani za plastiki, kama mtoto au kichaa, na visu vikahamia kwa jirani.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wahenga, na wahenga walilala mchana. Waliosoma wana jina refu la hali hiyo na semina zake zenye sambusa. Mama yake Radi alisema tu kwamba kibatari kikiisha mafuta huanza kula utambi.

"Utambi uko mwingi, mama," Radi alimjibu.

"Nauona. Unanuka."

Basi siku moja gari la Mhamasishaji likaingia gereji likivutwa kwa mnyororo. Mlango wa dereva ulikuwa umeingia ndani kama shavu la kibogoyo. Kwenye kioo cha nyuma kilibandikwa maandishi makubwa: USINGIZI NI WA WAFU.

"Imekuwaje, mheshimiwa?" aliuliza Radi, ambaye alikuwa anatetemeka kwa kuiona sauti ya spika ikiwa na miguu.

"Nguzo ilinijia," alisema Mhamasishaji.

"Ulikuwa umelala," alisema Koleo.

"Nilikuwa natafakari, binti."

"Uliitafakari nguzo mpaka ikakuumiza."

Mhamasishaji alimgeukia Radi, mwanaume kwa mwanaume. Alikuwa na kongamano jioni ile, ukumbi mzima unamngoja, na hawezi kushuka kwenye gari bovu mbele ya watu aliowaahidi mafanikio. Koleo akamvuta kaka yake pembeni, nyuma ya matairi.

"Mwambie kesho kutwa."

"Ni yeye mwenyewe, Koleo. Ni yule wa spika."

"Hata angekuwa wa mbinguni. Jicho lako moja limefunga. Jana umepiga mlango mzima, juzi umemwagia fundi rangi petroli ukidhani ni maji ya kunawa. Nenda kalale, kaka. Mimi nitakaa nalo."

"Nikilala leo sitaamka."

"Ndiyo maana yake. Ulale mpaka utosheke."

Radi akarudi kwa mteja wake. "Lete," akasema.

Koleo alitukana chini chini, matusi ya heshima ya kumtukana kaka, akalala chali chini ya dashibodi, akapenyeza mkono wa kulia ndani ya tumbo la mlango, na bonge la chuma mkononi. Ko-ko. Radi akashusha. Ko-ko. Akashusha. Bati likaanza kurudi, na Mhamasishaji, aliyesimama kivulini anajipepea, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Spika ilikuwa inamhubiria maneno yake mwenyewe.

Kilichotokea Radi hakukiona, ingawa macho yake yalikuwa wazi. Alisimama wima na nyundo juu, na usingizi ukamchukua hivyo hivyo, kama mwizi anayeingia kwa mlango wa mbele mchana. Ndani ya usingizi akasikia ko-ko. Nje ya usingizi Koleo alikuwa bado hajagonga. Alikuwa anahamisha mkono, amekitoa chuma kidogo na kuvitanguliza vidole apapase palipobaki bonde.

Nyundo ikashuka.

Haikulia bati. Ililia kitu kibichi, kama konokono aliyekanyagwa na buti. Kisha Koleo akapiga yowe, na mlango wote ukatikisika kwa jinsi alivyokuwa anauchomoa mkono, na kingo za bati zikamchana kutoka kiwiko mpaka kifundo. Alipotoka chini ya dashibodi vidole viwili vilikuwa vinatazama upande ambao vidole havitazami. Damu ilidondoka juu ya viti vyeupe.

Radi alikuwa bado ameshika nyundo. Mhamasishaji akavitazama viti vyake. Halafu, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopiga chafya, akasema, "Maumivu ni mwalimu."

Hapo Radi akaamka.

Mhamasishaji alikuwa mnene lakini aliijua mbio. Aliingia kwenye gari kwa mlango wa abiria na kujifungia, jambo ambalo mtu mwenye akili zake halifanyi mbele ya fundi bodi mwenye nyundo. Pigo la kwanza liliondoa kioo cha mbele. La pili lilizamisha boneti. Radi alipanda juu ya paa, akalitwanga, na kila paa liliposhuka Mhamasishaji alishuka nalo, kichwa kikiingia mabegani, mabega yakiingia kwenye kiti. Na spika, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ilikuwa inanguruma kwa sauti yake, "Usikate tamaa! Piga tena! Umebakisha pigo moja tu!"

"Izime!" alilia Mhamasishaji kutoka ndani. "Izime hiyo!"

Mafundi wa gereji za jirani walikuja wakasimama mbali. Hakuna anayemshika Radi akiwa na nyundo. Aliyemshusha ni Koleo, kwa mkono wa kushoto: aliliokota lile bonge la chuma, akalirusha, likampiga kaka yake begani. Radi akadondoka kutoka juu ya paa kama gunia.

"Nipeleke hospitali kwanza," alisema Koleo, na midomo yake ilikuwa myeupe. "Utarudi kuliua baadaye."

Daktari wa mifupa aliitazama picha ya mkono kwenye mwanga kwa muda mrefu. Mfupa wa kidole kimoja ulivunjika, alisema. Wa kidole cha pili haukuvunjika, ulisagika. Angevipanga alivyoweza, lakini kuvikunja tena, hilo hakuahidi mtu.

Mama yao alifika kwenye korido. Hakuuliza lililotokea, alikuwa ameshaambiwa na watu kadhaa, kila mmoja na lake. Alimfuata Radi kwenye benchi na mwavuli.

"Umekula leo?" Mwavuli mgongoni.

"Bado, mama."

"Umelala jana?" Mwavuli kichwani.

"Kidogo, ma—"

"Nani alikutuma?" Mwavuli ukavunjika, akaendelea na mpini. "Baba yako alikutuma? Mimi nilikutuma? Taja mtu aliyekutuma nikampige yeye." Muuguzi akachungulia, akaona ni mama anamfundisha mwanawe, akafunga mlango taratibu.

Radi alikubali kila pigo. Lililomuumiza lilikuja Koleo alipotolewa, mkono umefungwa plasta mpaka kiwiko. Alisimama mbele yake, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira, ambayo ilikuwa mbaya kuliko hasira:

"Mkono wangu hautaingia tena nyuma ya bati lako."

Watu wasiojua kazi ile wangedhani ni maneno tu ya uchungu. Radi alijua uzito wake. Hapakuwa na mwingine aliyefundishwa na baba yao, na gereji zote zilikuwa zimeshasikia. Nani angempa mkono wake mtu aliyeuvunja wa dada yake? Bila wa kushika ndani, Radi alikuwa mtu anayepiga kelele kwa nyundo. Na zaidi ya hilo, tangu utoto wao hakujawahi kuwa na kitu ambacho Koleo alikataa kukishika kwa ajili yake.

Mama alifunga geti kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo hakuna mwana mwenye heshima anaweza kuufuata. Radi akapelekwa nyumbani kulala.

Watu hudhani kupumzika ni kitu laini, mto na chai. Kulimpiga Radi kama genge la wahuni. Usingizi ulimwangusha kitandani mchana kweupe na kumkaba. Aliota milango mizima inapanga foleni, akarusha ngumi, akatoboa ukuta wa mbao, akaamka mkono umo chumbani na vidole viko sebuleni. Alipokuwa macho viganja vilimwasha. Alizunguka nyumba akitafuta cha kunyoosha. Mkewe alimkuta anagonga sufuria lililobonyea kitako kwa mwiko, machozi yanamtoka.

"Sufuria hilo limenizoea hivyo hivyo," mkewe akasema, akamnyang'anya. "Kaa."

"Nikikaa nasikia vidole vyake."

"Basi visikie. Kaa."

Akakaa. Alivisikia mpaka akatapika. Siku zikaenda, akalala, akala ameketi, hasira ikaanza kupungua kama maji ya mafuriko, yanayoondoka na kuacha tope. Ndani ya tope lile alikutana na kitu asichokijua: hofu ya neno moja. Mkewe aliligundua hilo siku fundi wa kukarabati paa alipopita mlangoni kuuliza kama Radi anaweza kumsaidia kubeba mbao, na Radi, mwenye bega lililovimba, akawa ameshasema lete.

Jioni ile mkewe alivaa koti la mumewe, akajichorea masharubu kwa masizi ya sufuria, akasimama mbele yake.

"Fundi, gari langu limegonga ng'ombe. Nalitaka kesho."

"Mama watoto, acha utoto."

"Gari langu, fundi. Kesho."

"Sawa, le—"

Kofi likamshukia kabla herufi ya mwisho haijatoka. Mkewe hakuwa mtu wa kupiga, na aligundua kwa mshangao kwamba ana kipaji.

"Fundi, gari langu. Kesho."

"Nitaangalia kama—"

Kofi.

"Nitajitahidi?"

Makofi mawili, kwa sababu ya alama ya kuuliza. Shavu la Radi lilikuwa linafuka moshi aliposema, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba, "Hapana." Akangoja dunia igeuke. Jirani aliendelea kufua. Mkewe akavua koti, akasema masharubu yanamwasha.

Koleo alitolewa plasta. Kidole kimoja kilikuwa kinakunjika nusu. Cha pili kilikaa wima kama bendera. Geti lilifunguliwa, na ilikuwa amri ya mama kwamba lifungwe jua likiwa bado lina nguvu. Koleo alikuja, akakaa juu ya tairi, akanywa chai. Hakugusa chuma. Radi hakumwomba. Alinyoosha vibonyeo vidogo ambavyo mtu mmoja huweza kujishikia mwenyewe kwa mkono wa pili, na kila asubuhi alimsogezea dada yake kikombe, akarudi kazini.

Gari la Mhamasishaji lilikuwa bado limelala uani, limebapa. Mwenyewe akaja kulifuata, na safari hii alikuja na mabaunsa wawili wa ukumbini, wenye shingo pana kuliko vichwa.

"Kesho nina kongamano," alisema. "Nalitaka asubuhi."

"Nililivunja mimi na nitalinyoosha mimi," alisema Radi. "Lakini kesho, hapana."

Baunsa wa kwanza alimpiga tumboni. Radi akainama, akainuka.

"Kesho?" aliuliza Mhamasishaji.

"Hapana."

Wa pili akampiga mdomoni, na mdomo ukapasuka. Nyundo ilikuwa benchi, karibu na mkono wa Radi. Aliitazama, akaiacha ilale.

"Nasikitika kurudia swali, fundi."

"Ha," alisema Radi, akatema damu ili apate nafasi ya neno lote, "pana."

Wakamwangusha na kumpiga mateke. Koleo aliinuka juu ya tairi. Akaweka kikombe chini kwa uangalifu, akaokota bampa ya chuma iliyokuwa inangoja rangi, akaishika kwa mkono wa kushoto na kiwiko cha kulia, akaizungusha. Ilimpata baunsa wa kwanza kwenye magoti, akapiga magoti. Ikarudi, ikampata wa pili alipokuwa anageuka kuuliza kuna nini. Mhamasishaji alikuwa ameshafika getini. Mbio aliijua.

Mabaunsa wakamfuata wakichechemea, gereji ikatulia. Radi alikaa chini ameegemea gari lililobapa, jicho moja limeziba, safari hii kwa sababu ya kueleweka.

"Umesema mara tatu," alisema Koleo.

"Nilifundishwa."

"Na nyundo hukuigusa."

"Hapana."

"Sasa usizoee, miujiza mingi itamchosha Mungu."

Radi akaangalia mkono wa dada yake uliolegea juu ya bampa. "Koleo. Utanishikia tena?"

"Hapana," akasema, bila kufikiri. Kisha akafikiri. "Ingia wewe. Mimi nitapiga."

Radi akalitazama lile tumbo la mlango, jeusi, lenye kingo. Kisha akalala chali chini ya dashibodi, akapenyeza mkono. Kumbe humo ndani kuna giza namna ile. Kumbe unasikia pumzi za aliye nje na huwezi kujua anawaza nini. Akagonga mara mbili. Pigo likaja, zito, mahali pake. Akagonga tena. Likaja. Bati likaanza kurudi chini ya kiganja chake, na jasho likamwingia kwenye mdomo uliopasuka.

Baadaye kidogo pigo moja lilikuja upande. Vidole vya Koleo visivyokunjika vizuri viliachia mpini, nyundo ikateleza, ikakamata kidole gumba cha Radi pembeni ya chuma. Kucha ikang'oka. Radi akauma kola ya shati mpaka maumivu yakapungua.

"Nimekupata?" aliuliza Koleo nje.

"Kidogo."

"Pole. Gonga."

Hakugonga. Alikuwa ameshika bati kwa kiganja, na kupitia bati alikuwa anayasikia mapigo yaliyopita yote, jinsi yalivyokuwa yanapungua na kupinda, jinsi mkono wa dada yake ulivyokuwa umeshaanza kutetemeka kabla mwenyewe hajajua. Akachomoa mkono wake nje, damu inamdondoka.

"Umechoka," akasema.

"Sijachoka. Bado kipande kidogo tu."

"Umechoka, Koleo."

"Nitachokaje na jua liko pale? Rudi ndani, mwoga wewe."

Radi akatoka chini ya dashibodi, akamfungua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye mpini, hasa vile viwili, polepole, akaiweka nyundo benchi. Mlango ulibaki nusu umenyooka, nusu umeingia. Gereji za jirani zilikuwa bado zinapiga kelele. Akafunga geti. Koleo alimtukana njia nzima mpaka kwa mama, na Radi, kidole kikimpwita ndani ya kitambaa, hakubisha hata tusi moja.